Re: Mandhari ya reli ndogo ya mvuke ndani ya nyumba

Mkuu, umeuliza kama vilima vya povu jeupe, lile la kufungashia televisheni, vitafaa kwa injini ya mvuke halisi chumbani. Mbali na njia, sawa. Karibu na reli, hapana: spiriti ya kuchemshia maji ikimwagika na kushika moto, povu linayeyuka na kuwaka upesi. Mimi hapo natumia wavu wa waya na vitambaa vilivyochovywa kwenye plasta.

Ila kinachosumbua kila siku ni mafuta. Silinda hulainishwa kwa mafuta mazito yanayosafiri na mvuke, halafu bomba la moshi linayatema pamoja na matone ya maji ya moto. Kilima changu cha kwanza nilikipaka rangi ya maji na kukimwagia maranda yawe nyasi. Miezi michache tu kikawa kama kikaango cha chapati. Siku hizi plasta naipaka rangi ya mafuta mara mbili, naifuta kwa kitambaa cha sabuni. Miti naichomeka kwenye matundu bila gundi, ya karibu na njia naing'oa kabla ya kuwasha.

Handaki liwe fupi, paa lake la kufunuliwa. Injini ikizimika humo, inaunguza kweli.

Kama njia yako ina upana wa milimita 45 kati ya reli mbili na unaigiza reli yetu ya zamani yenye upana wa mita moja, tumia kipimo cha 1:22.5, yaani kila kitu kigawe kwa 22.5. Mbuyu wa mita 18 utatoka sentimita 80, kwa hiyo mmoja unatosha! Na madirisha yawe wazi muda wote moto unapowaka.