Maswali ya Wasomaji: Mawingu ya Kwenye Gemu na Mawingu ya Dar es Salaam

SWALI: Ndugu mhariri, pole na kazi. Mimi na mdogo wangu hucheza magemu kila wikiendi, na michezo ya siku hizi ina mawingu mazuri kiasi kwamba ukiusimamisha mchezo unadhani unatazama picha iliyopigwa kwa kamera. Mchezo ukiendelea, mawingu yaleyale yanaonekana ya uongo. Nikiwa kwenye pantoni asubuhi huyaona mawingu ya chini yakitoka baharini na yale membamba ya juu yakielekea kwingine, lakini kwenye gemu yote yanakwenda pamoja. Je, kompyuta hazina nguvu ya kutosha au watengenezaji hawajali?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, jicho lako limeona sawasawa. Watengenezaji wanajali sana, na baadhi yao wamefanya kazi ya kusifiwa, lakini kuchora wingu lililosimama na kuchora wingu linalotembea ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili bado inawashinda wengi.

Tuanze na wingu lenyewe. Yale mafungu meupe yanayojitokeza juu ya mji wetu kadiri jua linavyopanda ni mahali ambapo hewa yenye unyevu, iliyopashwa joto na ardhi, imepanda hadi ikapoa na mvuke wake ukawa matone madogo sana. Katikati ya fungu hewa inaendelea kupanda, huku pembezoni matone yakikutana na hewa kavu na kurudi kuwa mvuke, kwa hiyo fungu dogo la namna hiyo huzaliwa, hukua na kutoweka ndani ya nusu saa hivi, na muda wote huo linasukumwa na upepo. Ukilikazia macho moja tu ukiwa kwenye pantoni, utaona kwamba kabla halijapita juu ya majengo ya Posta limekwisha kuwa kitu kingine: upande mmoja unachipuka vichwa vipya, upande wa pili unachanika na kumezwa na anga. Yale membamba ya juu ni ya chembe za barafu, yako kilomita nyingi kutoka ardhini, nayo hufuata upepo wa huko, ambao mara nyingi hauelekei upande mmoja na kusi au kaskazi inayovuma huku chini.

Sasa tazama jinsi michezo ilivyolishughulikia jambo hilo. Kwa miaka mingi anga lilikuwa picha iliyobandikwa ndani ya kuba kubwa linalomzunguka mchezaji, na mwendo wa mawingu ulikuwa ni kuizungusha picha hiyo au kuitelezesha. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985 wingu na kichaka ni mchoro mmoja uliopewa rangi mbili, na katika Minecraft mawingu yanaelekea magharibi siku zote. Michezo hiyo haikuahidi uhalisia, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilaumu.

Hatua kubwa ilionekana mwaka 2015, wataalamu wa kampuni ya Guerrilla Games ya Amsterdam walipoeleza mbele ya wenzao mjini Los Angeles namna walivyotengeneza mawingu ya Horizon Zero Dawn, mchezo uliotoka mwaka 2017. Umbo la wingu lilitokana na hesabu za nasibu zinazobadilika taratibu kutoka nukta moja hadi ya jirani, njia ambayo Ken Perlin wa Marekani aliichapisha mwaka 1985, ikichanganywa na nyingine ya Steven Worley ya mwaka 1996 inayotoa maumbo ya vinundu kama koliflawa. Kisha, kwa kila pikseli ya angani, yaani kila nukta ndogo inayounda picha kwenye kioo, kompyuta hupitisha mstari kutoka kwenye jicho la mchezaji hadi ndani ya wingu, na kila hatua inauliza mambo mawili: hapa wingu ni zito kiasi gani, na mwanga wa jua umepungua kiasi gani hadi kufika hapa. Ndiyo maana ukisimamisha mchezo unaona kingo zinazong'aa na matumbo yenye giza, kwa kuwa mwanga umekokotolewa kwa kufuata kanuni za fizikia.

Gharama yake ni kubwa mno. Mchezo unaoonyesha fremu 30, yaani picha 30 zinazofuatana, kwa sekunde una milisekunde 33 tu za kuandaa kila fremu, na ndani ya muda huo lazima zichorwe pia nyasi, wanyama, maji, nyuso za watu na kila kitu kingine. Wataalamu wale walitaka mawingu yatumie milisekunde mbili hivi. Ili kufikia hapo, katika kila fremu walikokotoa upya pikseli moja kati ya kila 16, na zile 15 zilizobaki wakazichukua kutoka kwenye fremu zilizotangulia na kuzisogeza mahali pake. Jibu la sehemu kubwa ya swali lako limo humo. Njia hiyo inafaa tu ikiwa wingu halibadiliki sana kati ya fremu moja na nyingine. Wingu likichipuka na kuchanika upesi, pikseli za zamani hazilingani tena na mpya, na kingo zake huacha kivuli cha ukungu nyuma yake. Uzuri wa wingu lililosimama umenunuliwa kwa sharti kwamba lisijigeuze haraka. Watengenezaji hujitahidi kulifidia hilo kwa kulaza kilele cha wingu kuelekea upepo unakokwenda na kuyapandisha juu kidogo kidogo yale maumbo madogo ya pembezoni, ili wingu lionekane likifura, na mbinu hiyo husaidia sana.

Kuna na tatizo la saa. Katika Grand Theft Auto V siku nzima hupita kwa dakika 48, yaani mara 30 ya kasi ya kawaida. Mawingu yanayosukumwa na upepo wa mita 8 kwa sekunde, kama yangefuata saa hiyo, yangepaswa kwenda mita 240 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 860 kwa saa, na hiyo ni kasi ya ndege ya abiria. Lakini majani ya miti na watu barabarani wanakwenda kwa kasi ya kawaida. Ukiyakimbiza mawingu, hayalingani na miti. Ukiyatuliza, hayalingani na jua linalokimbilia kuzama. Mimi ningechagua kuyatuliza, kwa sababu mchezaji huona mti na wingu kwa wakati mmoja kwenye kioo, ilhali mwendo wa jua huugundua baadaye.

Ama hilo la mawingu ya juu na ya chini kwenda pamoja, sioni kisingizio. Mawingu membamba ya juu katika michezo mingi ni picha bapa inayoteleza, na kuipa mwelekeo wake wenyewe ni suala la namba moja au mbili ambazo hazimchoshi mtu wala kompyuta. Hapo, ndugu yangu, malalamiko yako ni ya haki kabisa.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasomea programu za kompyuta, na pamoja na wenzangu tunatengeneza gemu dogo ambalo mambo yake yanatokea Dar es Salaam. Mashine zetu si za nguvu, hayo mawingu ya kampuni kubwa hatuyawezi. Katika hali ya hewa tuanze na kitu gani ili mchezaji wa hapa aamini?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Marahaba. Anzeni na upepo, na uwe mmoja. Wekeni katika programu yenu mahali pamoja panapotunza kasi na mwelekeo wa upepo, kisha kila kitu kisome kutoka hapo: makuti ya minazi, moshi wa jiko la mishkaki, kanga zilizoanikwa kwenye kamba, mlalo wa mvua, na vivuli vya mawingu vinavyopita juu ya mabati. Nimeona michezo ya gharama kubwa ambamo bendera inapepea kuelekea kushoto na moshi unakwenda kulia, na kosa hilo huharibu imani ya mchezaji kuliko wingu lililochorwa vibaya.

Mvua nayo ipewe hesabu yake. Matone makubwa huanguka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde, na manyunyu kwa mita 2 hivi, kwa hiyo upepo wa mita 5 kwa sekunde utayalaza matone makubwa kwa nyuzi 29 kutoka wima, lakini manyunyu utayalaza kwa nyuzi 68. Umeme ukipiga kilomita 3 kutoka alipo mchezaji, ngurumo ichelewe sekunde 9 hivi, kwa sababu sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Hesabu hizi simu yoyote inaziweza.

Jambo linalonikera zaidi ni mvua kuanza kila mahali kwa mpigo mmoja, kama vile mtu amewasha swichi. Mvua kubwa ya masika haitufikii hivyo. Ukiwa ufukweni Msasani unaiona kwanza kule baharini, pazia la kijivu linalofuta upeo wa macho. Halafu upepo unageuka ghafla na kuwa wa baridi, mchanga na mifuko inaruka. Kisha matone machache mazito, na ndipo mvua yenyewe. Mkiipa mvua yenu mpaka unaotembea juu ya ramani, mtapata hayo yote kwa gharama ndogo. Ardhi nayo ibadilike kwa aina yake: udongo na mchanga huwa na rangi nzito zaidi vikilowa, bati halibadiliki rangi sana bali hung'aa. Na maji yasikauke mvua inapokatika. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, hivyo mvua inayonyesha huko huweza kuwaletea watu wa Jangwani maji hali Kariakoo jua linawaka. Mchezo utakaoonyesha hilo utakuwa umeionyesha Dar es Salaam yenyewe.

SWALI: Je, lipo gemu linaloonyesha hali halisi ya hewa ya Dar kwa siku hiyohiyo?
Msomaji, Temeke

JIBU: Lipo. Microsoft Flight Simulator iliyotoka mwaka 2020, iliyotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux nchini Ufaransa, huchukua takwimu za hali ya hewa kutoka Meteoblue, kampuni ya Basel nchini Uswisi, na unaweza kuruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere chini ya anga linalofanana na la wakati huo. Fahamu tu kwamba mawingu unayoyaona hayakupigwa picha. Takwimu hizo hutokana na kompyuta za utabiri, ambazo huigawa dunia katika vipande vyenye upana wa kilomita kadhaa na kueleza kila kimoja kina upepo, joto na unyevu kiasi gani. Umbo la kila fungu la wingu hubuniwa na mchezo wenyewe. Ukitaka kulinganisha, angalia mawingu yameziba sehemu gani ya anga, yanaanzia urefu gani na yanaelekea wapi, wala usilitafute wingu fulani lililo juu ya Ukonga. Huduma hiyo inahitaji intaneti muda wote unaporuka. Ikikatika, utabaki na hali za hewa zilizopangwa tayari, ambazo zinatosha kwa mazoezi ya kurusha na kutua.