Barua kwa mwanangu aliye Glasgow

Mamangu, mwenye jina la mama yangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo alfajiri nikisubiri maji ya kukamulia yapate moto. Unasema wenzako wa kozi wamekualika kwenye karamu ya kumkumbuka Burns, mshairi wa Skoti, tarehe 25 Januari, lakini yule unayekaa naye nyumba moja amekukatisha tamaa: eti kilti, ile sketi yao ya wanaume, na tartani, kitambaa chake cha miraba, zilibuniwa kwa ajili ya watalii, hakuna la kweli pale. Unaniuliza, kwa kuwa niliishi huko huko Skoti, mjini Aberdeen, miaka miwili nikisomea kilimo, kama ndivyo, na kama uende.

Nenda. Ila ukifika usiwaite Waingereza. Kiswahili chetu kimezoea kuiita nchi yote Uingereza, lakini Mskoti ukimwita Mwingereza umemnyang'anya kwao. Hata walipoungana na jirani zao mwaka 1707 walibaki na sheria zao, kanisa lao na shule zao.

Mwenzako hajadanganya, ila ameanzia hadithi katikati. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga mapokezi. Mfalme akavaa kilti. Wakubwa wa nyanda za chini, ambao wazee wao waliwaona watu wa milimani kuwa washenzi, nao wakazitafuta. Michoro mingi inayoitwa leo tartani ya ukoo huu au ule ilikuja kufungwa na majina ya koo katika enzi hiyo, na wafumaji walipata biashara yao humo. Hata sasa ipo rejista ya serikali, ilifunguliwa mwaka 2009, ambamo yeyote anaweza kusajili tartani mpya.

Lakini rudi nyuma. Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi lililopigania ukoo wa kifalme wa Stuart, wengi wao watu wa milimani, lilishindwa Culloden. Bunge la London likatunga sheria kwamba mwanamume au mvulana yeyote katika Skoti asionekane amevaa mavazi ya milimani, kama kilti na koti la tartani, isipokuwa awe askari wa mfalme. Kosa la kwanza miezi sita gerezani, la pili kupelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1782. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita alikuwa ameshaoa na kuzaa kabla hajaruhusiwa kuvaa nguo ya babu yake.

Halafu ikaja ardhi. Wenye mashamba waliwafukuza wapangaji ili wafuge kondoo, na familia nzima nzima zikapanda meli kwenda Kanada na kwingineko. Neno lao la ukoo, clann, kwa Kigaeli, lugha ya watu wa milimani na visiwani, maana yake ni watoto. Baadhi ya waliofukuza walikuwa wakuu wa koo zenyewe, waliowatoa watoto wao kwa bei ya sufu. Wewe uliyekua Kiambu ukisikia bibi yako akionyesha kwa kidole mashamba ya chai na kutaja mbari zilizokuwa pale, hilo halihitaji mkalimani.

Na lugha. Mzee mmoja wa kutoka visiwani aliniambia kwamba mababu zake walivishwa kijiti shingoni shuleni kwa kosa la kuongea Kigaeli. Nilinyamaza kwa muda. Nilimwambia kwamba nami, darasa la tatu, nilivishwa kisahani kwa kosa la kuongea Kikuyu, na jioni aliyekuwa nacho mwisho ndiye aliyechapwa. Tulikaa pale jikoni kwake, mtu mweusi na mtu mweupe, na chai ikapoa. Katika sensa ya 2022 watu kama laki moja na elfu thelathini tu ndio waliosema wana ujuzi wowote wa Kigaeli, hata wa kuelewa tu.

Jina la Thogoto, unapopita kwenda hospitalini, ni Skoti kwa ulimi wetu. Wamisheni wao walifika Kikuyu mwaka 1898. Walitupa shule, na kanisa ulilobatizwa. Lakini mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku muthirigu, wimbo uliowashambulia wamisheni hao hao. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi, mamangu: watu waliojua kunyang'anywa nguo na ulimi wakaja kusimama upande wa wanaonyamazisha nyimbo za wengine. Ukiwapenda, nami nawapenda, wapende ukilijua na hilo.

Sasa karamu yenyewe. Robert Burns alizaliwa Alloway tarehe 25 Januari 1759, mtoto wa mkulima, akafa na miaka 37. Aliandika kwa lugha ya Kiskoti ya watu wa shambani wakati wasomi walikuwa wakijitahidi kuisafisha vinywani mwao. Mpiga zumari la mfuko ataingiza hagisi mezani, nanyi mtasimama. Mmoja ataighania shairi, na akifika kwenye mstari wa kisu ataipasua. Ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, vimesagwa na oti na vitunguu ndani ya tumbo. Wewe uliyelelewa kwa mutura huna la kuogopa. Wataleta viazi na tanipu vya kupondwa. Kama hutaki wiski, inua glasi ya maji, hakuna atakayekasirika.

Mwishoni mtaimba wimbo wa kuagana, Auld Lang Syne. Mikono haipishanishwi mpaka ubeti wa mwisho, wengi hukosea. Burns mwenyewe alisema aliupata kwa mzee aliyekuwa akiuimba. Ameokota, akaunga, akautoa ukiwa mzima. Mwambie huyo mwenzako.

Mimi sikuijua nchi ile kwa watalii. Niliijua usiku wa Hogmanay, kuukaribisha mwaka. Kanisa lao liliipuuza Krismasi kwa karne nyingi, hata ikawa sikukuu ya mapumziko mwaka 1958 tu, hivyo furaha yote iliwekwa kwenye Mwaka Mpya. Wanaamini mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku awe mwanamume mwenye nywele nyeusi, na asije mikono mitupu. Jirani yangu, mjane, alinipa kipande cha makaa ya mawe na kuniomba nisubiri nje. Kengele zilipolia nikabisha. Alinishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu. Sebuleni hapakuwa na kamera wala mgeni mwingine. Palikuwa na picha ya mumewe amevaa kilti siku ya harusi.

Baada ya chakula huenda kukawa na keili, ngoma ya kucheza wawili wawili, na mtu wa kutangaza hatua. Babu yako alicheza mwomboko kwa kodiani, hatua mbili na kuinama, kwa hiyo miguu unayo. Vaa gauni, kilti ni ya wanaume, na viatu visivyo na kisigino. Chukua sweta.

Wakikuomba wimbo wa kwetu, imba ule bibi yako aliokuimbia ukikataa kulala. Kisha uniandikie nani alighani, na kama alishika shairi lote kichwani.

Baba yako.