Vyumba nane Rau kwa mkopo wa milioni 50: vitajilipa?

SWALI: Nimeajiriwa hapa Moshi. Nimepata nyumba ya vyumba nane vya masta huko Rau, muuzaji anataka milioni 90. Kila chumba kinapangishwa 120,000 kwa mwezi na vyote vina watu. Nina milioni 40 taslimu, benki iko tayari kunipa milioni 50 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 17. Pango ni 960,000 kwa mwezi, rejesho ni kama 870,000. Naona nyumba itajilipia mkopo na chenji itabaki. Niko sahihi?

JIBU: Rejesho umelipata sawasawa: ni 869,000 kwa mwezi. Kosa liko kwenye ile 960,000, kwa sababu hiyo siyo pesa itakayofika mkononi mwako.

Kwa mwaka pango kamili ni milioni 11.52. Chukulia kila chumba kitakaa wazi mwezi mmoja kwa mwaka, kati ya mpangaji kuhama, kupaka rangi na kumpata mwingine. Kama una wanafunzi wa Chuo cha Ushirika, likizo ndefu peke yake inaweza kuzidi hapo. Inabaki milioni 10.56. Kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali inayokatwa kwenye pango, ni asilimia 10 na inakokotolewa kwenye pango lote, siyo kwenye faida, hivyo zinatoka milioni 1.06. Vyoo vinane vya ndani maana yake ni mabomba, sinki na vitasa kwa wingi wa nane. Tenga 900,000 za matengenezo. Usafi, taa za nje na gari la kunyonya maji taka, weka 600,000. Pato safi ni milioni 8 kwa mwaka, yaani 667,000 kwa mwezi.

Utapungukiwa 202,000 kila mwezi, na zitatoka kwenye mshahara wako.

Tatizo lenyewe ni kubwa kuliko hiyo 202,000. Ukijumlisha ushuru wa stempu wa asilimia 1, wakili, mthamini na ada za benki (nimeweka milioni 4), nyumba inakugharimu milioni 94 na inazalisha asilimia 8.5. Fedha unayoikopa inagharimu asilimia 17. Katika rejesho la kwanza la 869,000, riba ni 708,000 na deni linapungua 161,000 tu. Mwaka mzima wa kwanza utalipa riba ya milioni 8.34, zaidi ya pato safi lote la nyumba. Kuongeza muda wa mkopo kutashusha rejesho, lakini hakutaondoa pengo hilo.

Kipimo cha kutumia ni hiki: pato safi liwe angalau mara 1.25 ya marejesho ya mwaka. Kwa milioni 8, marejesho yasizidi milioni 6.4, na hiyo inabeba mkopo wa takriban milioni 30. Kwa milioni 40 zako na 30 za benki, ukitoa gharama za uhamisho, bei unayoweza kuilipa ni kama milioni 66. Mpelekee muuzaji hesabu hiyo. Akikataa, achana nayo. Kama una kiwanja au unaweza kukipata, pima kwa chumba kimoja: hicho cha 120,000 kinaacha milioni 1 safi kwa mwaka. Gharama yake yote, pamoja na sehemu yake ya ardhi, choo na uzio, ikizidi milioni 6, fedha ya asilimia 17 haijilipi. Ndiyo maana kujenga vyumba viwili viwili kwa akiba ni njia nzuri kuliko inavyoonekana.

Ukiendelea, hakikisha riba ni ya salio linalopungua, yaani inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Asilimia 10 inayopigwa kwenye deni lote la mwanzo kwa miaka 10 inaleta rejesho la 833,000, sawa na karibu asilimia 16 ya salio linalopungua. Usilinganishe benki mbili kwa asilimia. Linganisha jumla utakayolipa mpaka mwisho.

Kuhusu "vyote vina watu", omba mikataba na miamala ya pango ya miezi 12, kisha nenda jioni wapangaji wakiwa nyumbani. Uliza kila mmoja amelipa hadi lini. Hapa wanunuzi wengi huumia: kama wamelipa miezi sita mbele, fedha hiyo ameshaila muuzaji, na wewe utaanza kurejesha mkopo bila kupokea kitu. Pango la miezi iliyobaki likatwe kwenye bei, na liandikwe kwenye mkataba. Angalia pia kama kila chumba kina mita yake ya umeme, na kama ankara ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, haina deni.

Rau maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo shimo la maji taka lichunguze msimu wa masika. Likijaa kila mwezi, ile 600,000 haitatosha.

Upande wa hati usiwe na haraka. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa benki haitaipokea kama dhamana. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona jina la mmiliki, rehani na zuio la kuuza, na dai risiti za kodi ya ardhi. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake asaini ridhaa. Na kama eneo lilikuwa kihamba (shamba la ukoo la Wachagga) au urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na wanufaika waridhie kwa maandishi. Ndugu mmoja asiyeshirikishwa anaweza kufungua shauri wakati marejesho yako yanaendelea kukatwa kwenye mshahara, kwa hiyo malipo ya awali yasitoke kabla upekuzi haujarudi.