Udongo wa fedha na enameli: maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaotengeneza vidani na hereni za udongo wa fedha na kuzipaka enameli, na kwa wanaofundisha kazi hiyo. Tumeyafupisha. Kwa msomaji mgeni: udongo wa fedha ni unga laini sana wa fedha uliochanganywa na maji na gundi ya selulosi. Unafinyangwa kama udongo mwingine, na ukichomwa gundi inaungua, chembe za fedha zinashikana zenyewe bila kuyeyuka. Ulibuniwa Japani, ukaanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Enameli ni kioo cha rangi kilichosagwa, kinachoyeyushwa juu ya fedha hadi kigande.

Kidani kinatoka tanurini kizuri, lakini kila nikipaka enameli vinatokea viputo, hasa katikati. Nimeshabadilisha enameli. Kosa liko wapi?

Liko kwenye fedha. Acha kubadilisha enameli.

Bamba la fedha lililopitishwa kwenye rola limeshikamana barabara. Fedha iliyotokana na udongo ina vinyweleo vidogo ndani yake, hata ikionekana laini kwa nje. Ukiirudisha tanurini kwa ajili ya enameli, hewa iliyojificha humo, pamoja na mabaki yoyote ya sabuni au mafuta, hutanuka na kutafuta pa kutokea. Njia ya kutokea ni moja tu: kupitia kioo kilichoanza kulainika. Hapo ndipo viputo vinapozaliwa.

Pakiti nyingi za udongo zinasema nyuzijoto 650 za Selsiasi kwa dakika 30 zinatosha. Zinatosha kwa kidani cha kawaida. Kwa enameli, choma kwa nyuzijoto 900 kwa saa 2, ili vinyweleo vizibe kadiri inavyowezekana. Fedha safi inayeyuka karibu na 961, kwa hiyo kwanza uhakikishe kipimajoto cha tanuri lako hakidanganyi. Tanuri lenye joto la nyuzi 60 zaidi ya linaloonyesha litakurudishia donge badala ya kidani.

Kikishapoa, gandamiza uso wake kwa kisugulio cha chuma laini au cha akiki, hasa sehemu itakayobeba kioo. Kisha kisugue kwa brashi ya nyuzi za kioo chini ya maji yanayotiririka. Kipimo cha usafi ni maji yenyewe: yakitandaa uso mzima, pako tayari, yakijikusanya kuwa matone, bado kuna mafuta. Kuanzia hapo kishike kwa kibano au kwenye kingo tu, kwani kidole kikavu pia kinaacha mafuta. Dawa ya kung'arisha isiguse kidani kabla ya enameli, kwa sababu ikishaingia kwenye vinyweleo haitoki. Brashi ya shaba nyeupe nayo ni ya kuogopa: inaacha chembe zinazotia kioo madoa.

Kama bado una wasiwasi, paka tabaka jembamba la enameli isiyo na rangi, ile mafundi wanayoiita flaksi, uchome. Viputo vikirudi palepale kila mara, ni fedha. Vikihamahama, chunguza unga wako na jinsi unavyoukausha.

Nataka kidani chenye upana wa milimita 25. Udongo wangu unapungua asilimia 10, nikakata 27.5, kikatoka kidogo.

Umeongeza asilimia 10 ya 25, lakini udongo unapungua asilimia 10 ya kile ulichokata. Gawanya: 25 kwa 0.9 ni 27.8. Kwa udongo unaopungua asilimia 15, 25 kwa 0.85 ni 29.4. Tena, moto wa 900 kwa saa 2 unakaza kuliko ule wa 650, hivyo namba ya kwenye pakiti inaweza isilingane na yako. Kata ukanda wa milimita 50 kutoka pakiti unayotumia, uuchome kwa ratiba yako, uupime, na hesabu zako zitoke hapo.

Nilipaka nyekundu angavu (inayopitisha mwanga) moja kwa moja kwenye fedha ikageuka kahawia chafu. Bluu haina shida. Kwa nini?

Nyekundu na waridi angavu nyingi hupata rangi yake kutokana na dhahabu iliyomo kwenye kioo, na zikikutana na fedha kwenye moto zinabadilika kuwa njano au kahawia. Weka flaksi inayofaa fedha chini, uichome, kisha nyekundu juu yake. Wengine huweka karatasi nyembamba ya dhahabu kati ya flaksi na nyekundu. Ni ghali, lakini matokeo yake hayana mfano. Bluu, kijani na zambarau nyingi zinakaa vizuri juu ya fedha tupu. Nyeupe isiyopitisha mwanga nayo huwa na tabia ya kuingia umanjano kwenye kingo zinazogusa fedha, basi usiilaumu bahati.

Shimo la kuwekea enameli liwe na kina gani? Na ni lazima kupaka enameli nyuma?

Njia rahisi ya kuanzia ni shampleve: sakafu ya fedha iliyozungushiwa ukuta, kioo kinajaa katikati. Sukuma udongo uwe sakafu yenye unene wa milimita 1, iache ikauke kabisa. Kata fremu ya milimita 0.75 yenye dirisha, uiunganishe na sakafu kwa ujiuji wa udongo huohuo. Ukishachoma utabaki na kina cha karibu milimita 0.7, ambacho kinatosha tabaka tatu au nne nyembamba.

Pa kutazama kwa makini ni ule mstari ambapo ukuta unakutana na sakafu. Pakiwa na upenyo hata wa unywele, maji yataingia chini ya ukuta wakati wa kupaka, yachemke, na utapata mstari wa viputo umezunguka dirisha lote. Jaza ujiuji kwa brashi nyembamba, futa ziada kwa brashi yenye unyevu, kausha, angalia tena ukiwa umeelekeza taa pembeni. Kama utatumia rangi angavu, chora au gandamiza mapambo kwenye sakafu kabla ya kuunganisha. Rangi ya kioo itaonekana imekolea zaidi penye kina na hafifu penye mwinuko.

Kuhusu nyuma: wakati wa kupoa, fedha inajikunja zaidi kuliko kioo. Enameli ikiwa upande mmoja tu, bamba jembamba linapinda na kioo kinapasuka, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Sakafu yako ikiwa na unene mara mbili ya kioo au zaidi, na kioo kimezungukwa na ukuta, nyuma unaweza kuiacha wazi. Ukipaka uso mzima bila ukuta, au sakafu ikiwa chini ya milimita 1, paka nyuma pia, kwa unene unaokaribiana na wa mbele.

Enameli ilirukaruka ikadondoka mara tu nilipoingiza kidani tanurini. Na ninajuaje kwamba imeiva?

Iliruka kwa sababu ilikuwa na maji. Mvuke ukizaliwa ghafla unasukuma unga. Kiweke kidani juu ya tanuri au karibu na mlango hadi mvuke ukome kabisa na unga uonekane mweupe-mweupe, mkavu.

Lakini maandalizi yanaanza mapema zaidi, kwenye kuosha unga. Weka kijiko kimoja kwenye glasi ndogo, mimina maji, koroga, subiri chembe nzito zizame, kisha mwaga maji yaliyofanana na maziwa kwenye chombo cha pembeni, wala si kwenye sinki. Rudia mpaka maji yabaki safi kama yalivyomiminwa. Rangi angavu huhitaji mara tano au zaidi. Suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyokenekwa. Ule ungaunga unaomwagwa ndio unaotia ukungu kwenye kioo. Ukikaushwa, unafaa sana kwa upande wa nyuma.

Paka unga uliooshwa ukiwa bado umelowa, kwa brashi ndogo, tabaka la chembe moja au mbili tu. Gongagonga ukingo wa kidani unga ujilaze sawasawa, halafu gusisha ncha ya karatasi nyonyaji pembeni ivute maji. Kishawishi cha kujaza shimo lote kwa mara moja ni kikubwa. Tabaka nene hufunga hewa chini yake na kupasuka.

Tanuri liwe limeshafika 800. Ingiza, funga, angalia baada ya dakika moja na nusu. Kwanza utaona uso wa chembechembe kama sukari, kisha uso wenye mabonde kama ganda la chungwa, kisha uso laini unaong'aa. Tabaka za chini zinaweza kutolewa kwenye hatua ya ganda la chungwa, ya mwisho ndiyo ifikishwe kwenye mng'ao. Iliyotoka mapema inarudishwa bila hasara. Iliyopitiliza inajivuta kutoka kwenye kingo na rangi yake inaungua, na hiyo hairudi.

Sina tanuri. Tochi ya gesi itafaa?

Kwa enameli, ndiyo. Weka kidani kwenye wavu wa chuma cha pua ulioinuliwa, upige moto kutoka chini tu. Mwali ukigusa kioo unakitia masizi na kuharibu rangi. Kwa kuchoma udongo wenyewe hatushauri, ikiwa enameli itafuata. Huwezi kushika 900 kwa saa 2 kwa mkono.

Niliweka kitanzi cha fedha ya 925 ndani ya udongo. Baada ya kuchoma kimekuwa cheusi na kimevunjika.

925 ina asilimia 7.5 ya metali nyingine, kawaida shaba nyekundu. Kwenye moto mrefu shaba inaungana na oksijeni, waya unakuwa mweusi na mkavu. Tumia waya wa fedha safi ya 999, uufinyange ndani ya udongo ukiwa na ncha zilizopindwa ili usichomoke. Hii inakuondolea pia shida ya kulehemu karibu na kioo.

Nataka kufundisha wanafunzi sita. Siku moja inatosha?

Haitoshi, na anayeahidi siku moja anakata kona kwenye uchomaji. Saa 2 za moto, pamoja na muda wa tanuri kupanda na kushuka, zinakula kipindi kizima. Gawanya mara mbili. Kipindi cha kwanza: gramu 20 za udongo kwa kila mtu, kufinyanga, kukausha, kulainisha kwa msasa. Kabla ya kuchoma, weka kila kidani kikiwa na joto juu ya kioo cha kujitazamia. Kioo kikipata ukungu, ndani bado kuna maji. Mwalimu anachoma kati ya vipindi viwili.

Kipindi cha pili ni enameli, na hapo hesabu inaanzia kwenye mlango wa tanuri. Tabaka tatu na moto wa mwisho wa mng'ao ni michomo 4 kwa mwanafunzi, 24 kwa darasa. Mchomo mmoja pamoja na tanuri kurudi kwenye joto lake ni kama dakika 5, basi jumla ni saa 2. Kwa tanuri moja, wanafunzi sita ndio mwisho.

Rangi wape tano: flaksi, bluu mbili, kijani, na kijivu. Nyekundu ibaki kabatini, vinginevyo nusu ya kipindi itaishia kueleza kahawia. Mpe kila mmoja kipande cha majaribio, na kimoja mkipake tabaka nene makusudi. Wakikiona kimepasuka, hutahitaji kurudia onyo. Unga mkavu haushikwi bila barakoa ya N95 au FFP2, na chakula hakiingii mezani, kwa kuwa enameli nyingine zina risasi. Nguo ziwe za pamba, nywele zifungwe, miwani na glavu za joto zivaliwe na anayefungua mlango. Afungue mmoja tu kwa wakati.

Uso wa kioo umetoka na mabonde. Naweza kuusawazisha?

Sugua kwa pedi ya almasi ya namba 200, chini ya maji, kisha 400 na 600. Ukifuta na kukausha, mabonde yatabaki yaking'aa wakati penginepo pamefifia. Yajaze, choma, sugua tena. Kabla ya moto wa mwisho piga brashi ya nyuzi za kioo kwa nguvu, maana vumbi la kusugulia likibaki linakuwa doa la kijivu. Kingo za fedha zing'arishe mwishoni kabisa.

Na pete?

Pima kidole kwanza, hesabu kupungua, maliza ukubwa kabla ya enameli. Pete yenye kioo haipanuliwi wala haikunjwi. Weka kioo kwenye shimo chini ya usawa wa ukuta ili fedha ndiyo ipokee vishindo.