Uliza Ujibiwe: Almasi ni zilezile, mbona wengine waliuana?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nimekulia Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, mambo ya almasi na wabeshi (wale wanaovamia mgodi kuiba mawe) nayajua tangu mdogo. Juzi kijiweni tulibishana, jamaa anasema madini ni laana, popote yalipo lazima damu imwagike, akataja Sierra Leone. Nikamuuliza mbona Botswana wana almasi kibao na hawajapigana? Akakosa jibu, ila hata mimi sina. Tusaidie.
Msomaji, Shinyanga

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hapo ulimbana kweli. Tuanze na jiwe lenyewe manake wengi wanaliruka. Almasi nyingi za Sierra Leone, hasa za wilaya ya Kono, zimetawanyika kwenye mchanga wa mabonde ya mito, ukiwa na koleo na chekeche unaanza kazi leo leo. Za Botswana, kwenye migodi ya Orapa na Jwaneng, zimo ndani ya mwamba, zinataka mitambo ya hela ndefu, kwa hiyo hata muasi akiteka lile shimo hana cha kulifanyia. Hiyo ni bahati tu, tusiipe serikali sifa ambazo sio zake.

Ila bahati haimalizi maneno. Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana, alikuwa mrithi wa uchifu wa kabila la Wangwato, na Orapa iligunduliwa 1967 kwenye ardhi ya Wangwato haohao, angeweza kabisa kusema hii ya kwetu wengine kaeni pembeni. Badala yake sheria ya madini ya mwaka huohuo ikayaweka madini mikononi mwa taifa zima, makabila yakakubali wakati ambao hakuna aliyejua vizuri nani kakalia utajiri na nani kakalia mchanga mtupu, na kwa maoni yangu hapo ndo kila kitu kiliamuliwa, maana kugawana kabla hamjaona mali ni rahisi, mkishaiona kila mtu anakuwa mwanasheria. Halafu wakawabana De Beers, ile kampuni kubwa ya almasi: serikali ilianza na asilimia 15 ya kampuni ya uchimbaji waliyokuwa nayo pamoja, katikati ya miaka ya 70 ikafika 50. Hela ikaonekana barabarani na mashuleni, na mwaka 1994 wakafungua Pula Fund ya kuweka akiba.

Sasa njoo Sierra Leone. Kiongozi wao Siaka Stevens alitawala toka 1968 hadi 1985, na biashara ya almasi akaigeuza ya washkaji zake. Mwaka 1970 nchi iliuza nje kihalali zaidi ya karati milioni mbili, ikifika 1988 zimebaki kama 48,000 hivi. Mawe hayakuisha bwana, yalikuwa yanapita mlango wa nyuma. Serikali haina hela, mwalimu halipwi, askari halipwi, kijana wa Kono anachimba anaona wakubwa wanatajirika na kijijini kwao hata barabara hakuna. Waasi wa RUF wa Foday Sankoh wakaingia Machi 1991 wakitokea Liberia, na mgongo wao ni Charles Taylor, mbabe wa vita wa hukohuko Liberia. Watu kama 50,000 walikufa mpaka vita inaisha 2002. Na kituko chenyewe hiki: kwenye mkataba wa amani wa Lomé wa 1999 huyohuyo Sankoh akapewa uenyekiti wa tume ya kusimamia madini! Mwaka uliofuata wapiganaji wake wakateka walinda amani wa UN kwa mamia.

Usiende kijiweni ukasema Botswana malaika lakini. Basarwa, wenyeji wa asili wa jangwani, walihamishwa kwenye hifadhi yao ya Kalahari, wengi wakahisi ni sababu ya almasi, serikali ikakataa, wakaenda mahakamani na 2006 wakashinda. Ila angalia 2024, soko la almasi limeanguka, hali ngumu, chama kilichotawala tangu uhuru 1966 kikapigwa kwenye uchaguzi na Rais Masisi akakubali akaondoka. Hakuna aliyekimbilia kuteka Jwaneng.

SWALI: Jambo ndugu muandishi. Kama almasi walizifanyia vyeti vya Kimberley vya kuzuia almasi za damu, kwa nini huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, koltani (madini ya kutengenezea vifaa vya simu) bado inaleta vita na magunia yanafungwa lebo za kuonyesha yametoka mgodi gani kila siku?
Msomaji, Goma

JIBU: Jambo ndugu yangu, poleni sana huko. Cheti cha Kimberley kilichoanza 2003 kinahesabu almasi za damu kuwa zile tu zinazowalipa waasi wanaopigana na serikali. Ndo maana jeshi la Zimbabwe lilipoua wachimbaji kwenye machimbo ya almasi ya Marange 2008, kwa tafsiri hiyo zile hazikuwa za damu. Yaani muuaji akivaa gwanda la serikali, jiwe linakuwa safi.

Lebo za koltani nazo zina kasoro ya aina yake: inafungwa na mtu, na mtu ana bei. Gunia likivuka mpaka likachanganywa na la upande wa pili nani atalijua? Rubaya, penye machimbo ya koltani, ikachukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024 na wataalamu wa UN wakaandika kwamba wanatoza kodi pale na mzigo unavushwa kwenda Rwanda. Kufunga machimbo nako kulishajaribiwa, Kabila akiwa rais wa Kongo alipiga marufuku Septemba 2010 mpaka Machi 2011, wachimbaji wadogo wakakosa ada za watoto huku wenye bunduki wakiendelea kuchimba. Mi ningeanza na mchimbaji awe na kibali kwa jina lake, na mnunuzi aulizwe risiti huko anakouza, sio kwenye shimo tu.