Mchicha Usubiri: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma, na ile picha nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Unasema mmeshahamia kwenye nyumba yenu hapo Leeds, nyuma kuna bustani ya ukubwa wa sebule mbili, imejaa tope na vijiti vikavu, na Jumamosi una nafasi. Unaniuliza uanzie wapi, na kama mchicha unaweza kuumwaga sasa hivi, mwezi huu wa Machi. Ningekupigia simu, ila nakujua: kwenye simu unaitikia tu "sawa mama, sawa mama" huku mikono iko kwenye jambo lingine. Nimeandika. Bandika kwenye friji.

Mchicha, hapana. Nikueleze kwa nini, maana ukilielewa hilo mengine mengi utayajua mwenyewe bila kuniuliza.

Mimi nimekulia Lushoto, na kule mwezi wa tatu ni mwezi wa mbio. Bibi yako alikuwa ameshalima tangu Februari, mbegu ziko tayari kwenye kopo, anatazama mawingu tu. Masika ikipiga mara mbili tatu, mji mzima uko shambani, kwa sababu aliyechelewa mvua amechelewa chakula. Joto lipo siku zote. Kinachosubiriwa ni maji. Nikaja Uingereza na miguu hiyohiyo ya mbio. Mwaka wa kwanza nilipopata kijishamba cha kukodi hapa Leicester, katikati ya Machi jua likatoka siku nne mfululizo, watu wakavua makoti, nikasema ndiyo hii. Nikapanda maharage mistari minne na kumwaga mchicha pembeni. Wiki tatu kimya. Nikafukua nione kuna nini: maharage yalikuwa laini kama uji na yananuka. Mchicha hata mbegu yake sikuiona tena. Mwaka uliofuata nikajiona nimejifunza, nikangoja mpaka mwanzo wa Mei, nikatoa nje miche ya maboga niliyoilea dirishani. Usiku mmoja tu umande ukaganda, asubuhi majani yote meusi, kama mtu amepita na birika la maji ya moto.

Huku maji yapo hata usipoyataka. Kinachosubiriwa ni joto, tena joto la udongo, si la hewa. Mchana unaweza kutembea na shati huku udongo chini bado uko nyuzi 6. Maharage yetu yanataka kama nyuzi 12 kwenda juu, mchicha na maboga wanataka zaidi ya hapo. Mzee mmoja jirani yangu wa kule kwenye vijishamba alinisimulia kwamba zamani mkulima wa hapa alikuwa akishusha suruali na kukaa juu ya udongo. Akivumilia, anapanda shayiri. Wewe usifanye hivyo, majirani bado hawajakuzoea. Tumia kiwiko, kama nilivyokuwa napima maji yako ya kuogea ulipokuwa mchanga. Ukiona magugu yanaanza kuota yenyewe, ujue udongo umeanza kuamka. Na wewe uko kaskazini kuliko mimi, kwa hiyo chochote ninachofanya hapa, ongeza kama wiki mbili. Umande wa kuganda unaweza kukufikia hata mwisho wa Mei.

Sasa Jumamosi yako. Kabla hujaingia na jembe, chota konzi moja ya udongo uifinyange. Likitoka donge kama tonge la ugali, na ukilibonyeza kwa kidole halivunjiki, rudi ndani ukanywe chai. Udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa umelowa unashindiliwa, hewa yote inatoka, na kiangazi utakuwa na tofali badala ya bustani. Kama ni lazima upite, tandika ubao utembee juu yake.

Vijiti vikavu, taratibu. Picha inaonyesha kona ya kushoto kichaka chenye maua makubwa ya mviringo yaliyokauka rangi ya kahawia. Hiyo ni haidranjia, na hayo maua makavu ndiyo blanketi lake: yanakinga vichipukizi vilivyo chini yake wakati wa baridi. Ukiikata mpaka chini kama unavyokata migomba, mwaka huu huoni ua hata moja. Subiri Aprili, kisha shuka kutoka kwenye ua kavu mpaka ukutane na jozi ya kwanza ya macho, yaani pale tawi linapochipukia, yaliyonenepa, ukate hapo juu yake. Mawaridi ndiyo ya sasa. Toa matawi yaliyokufa, yaliyo membamba na yanayosuguana, halafu yaliyobaki uyafupishe, kila mkato uwe wa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya liende nje na katikati kubaki wazi. Mkasi uwe mkali. Mkasi butu unatafuna.

Kile kichaka chenye maua ya njano yanayochanua kabla ya majani usikiguse hadi kimalize kuchanua. Maua yake yanabebwa na matawi ya mwaka jana, ukikata leo unakata maua. Na ule uzio wa miti ambao mkwe wangu anasema unawatia giza, mwambie kwa heshima zote kwamba muda wa kuukata umeshapita. Kuanzia Machi mpaka Agosti ndege wanatagia humo, na tangu sheria ya wanyamapori ya 1981 kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika ni kosa hapa. Mtaukata mwishoni mwa mwaka.

Kazi kubwa, na ndiyo ninayokutaka uifanye kweli, ni magugu. Sasa hivi yamelala na yanaonekana. Yale madogo ya juujuu yasikusumbue, yakwangue tu kwa jembe siku ya jua yakauke. Lakini ukichimba ukakuta mizizi myeupe mirefu kama tambi, simama. Hiyo ndiyo ndago ya huku, kwa tabia yake nasema, si kwa ukoo. Kipande cha urefu wa kidole kikibaki kinakuwa mmea mzima. Kwa hiyo usikodi mashine ya kulimia, itakukatia mizizi hiyo vipande elfu na utakuwa umeipanda bustani nzima. Tumia uma wa bustani, inua udongo, fuata mzizi kwa vidole mpaka mwisho wake. Usiitupe kwenye lundo la mboji. Iache juani ife kabisa. Fanya mita mbili tu kwa siku, si lazima umalize. Ulipokuwa mdogo hukuweza kupalilia hata tuta moja bila kudai juisi, sasa tutaona.

Palipo safi, mwaga mboji au samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita tano hivi, na usiichimbie chini. Minyoo itaishusha yenyewe. Bibi yako alifanya vivyo hivyo kwa majani ya migomba, hakuna aliyemfundisha.

Kupanda: unavyo vya kupanda sasa, usinung'unike. Nunua mbegu ya viazi mviringo kwenye duka la bustani, si viazi vya sokoni, maana vya sokoni havikukaguliwa magonjwa. Vipange kwenye trei la mayai, upande wenye macho mengi juu, uweke chumba chenye mwanga na ubaridi, si jikoni. Ndani ya wiki nne hadi sita vitatoa vichipukizi vifupi vinene. Ukiona vimetoka virefu vyeupe ujue umevinyima mwanga. Kwako utavifukia katikati ya Aprili, sentimita 30 kati ya kiazi na kiazi, na majani yakichungulia unavipandishia udongo. Chagua vile vya mapema, baada ya wiki 10 hadi 12 unakula.

Vitunguu, nunua vile vidogo vya kupandia, uvisukumize ardhini mwishoni mwa mwezi huu, ncha ichungulie kidogo tu. Ndege watavichomoa wakidhani ni minyoo. Virudishe, na kesho virudishe tena. Maharage mapana, yale ambayo Wamisri wanapikia fuli, hayo baridi hayaogopi, yapande hata wiki hii. Sukuma wiki isie kwenye trei dirishani. Nyanya pia, lakini ndani, na kila asubuhi geuza chungu, maana miche inainamia kioo kama watoto mbele ya televisheni. Usiwe na haraka ya kusia mbegu nyingi. Una dirisha moja la kusini, na miche ya nyanya ikikosa mwanga inarefuka na kuanguka.

Mchicha utausia ndani mwanzoni mwa Mei, uutoe nje Juni. Maboga vivyo hivyo. Najua unataka majani ya maboga ya nazi; nami nayataka.

Nyasi zikikauka vizuri, kata mara moja, mashine uipandishe juu kabisa. Unazipunguza tu nywele, humnyoi mtu kipara. Ukianza kuona majani yametobolewa, ni koa, na koa hutembea usiku. Jirani yangu anawatilia bia kwenye kopo wazame humo. Mimi natoka na tochi na ndoo, na nikirudi ndani ndipo nalala vizuri.

Jambo moja halihitaji hata gambuti. Jumamosi hiyo jua likiwepo, toka saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, uchore kwenye karatasi jua linafika wapi na kivuli kiko wapi. Nitahitaji mchoro huo. Jumapili ya mwisho ya mwezi saa zinasogezwa mbele, jioni itakuwa ndefu, na mimi nitakuja Pasaka kwa treni na miche ya nyanya sita kwenye boksi la viatu. Nunua fito tano za mianzi na toroli dogo. Koleo ninalo, nitakuletea lile la marehemu baba yako, mpini wake bado mzima.

Nisalimie mkwe wangu. Na kabla hujagusa haidranjia, nitumie kwanza picha ya karibu.

Mamako,
Leicester