Hiyo jasi usiipake, mkuu. Soma hapa kwanza

Mkuu, huo mfuko wa jasi usiufungue. Umeuliza mambo manne kuhusu vikaragosi vyako vitano, wale wanasesere wa kuchezeshwa kwa mkono nyuma ya pazia: gundi ya kushikisha sponji, namna ya kufanya macho yapepese, nguo zishonwe vipi, na pazia liwe na urefu gani. Lakini kilichonishtua ni sentensi uliyoipitisha katikati kana kwamba si kitu, kwamba vichwa vyao vya karatasi za magazeti zilizogandishwa umeshamaliza na Jumamosi unavipaka jasi "viwe laini kama vya dukani". Usipake. Nakuomba kama ndugu yako.

Mwaka 2016 kikundi chetu cha sanaa, Morogoro, kilipata kazi ya kuzunguka shule za msingi 12 na mchezo wa kunawa mikono. Shule mbili kwa siku, dakika 40 kila shule. Vikaragosi vitano nilipewa mimi. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimelipa 150,000 kwa mafunzo ya siku mbili ya bwana mmoja aliyejiita mtaalamu. Akatuambia kichwa cha gazeti tupu ni cha mchezo wa watoto, kichwa cha kazi lazima kipate jasi tabaka tatu, kisha msasa, kisha rangi ya mafuta. Siku mbili nzima hakuna hata mmoja wetu aliyeambiwa ainue kichwa juu ya pazia akakichezesha. Mpaka leo nikilikumbuka hilo damu inachemka. Mtu anayekufundisha kutengeneza kikaragosi bila kukionyesha kikicheza amekufundisha sanamu, na sanamu kazi yake ni kukaa mezani.

Vichwa vilitoka vizuri kweli. Kikaragosi kimoja, Bibi, alikuwa na makunyanzi, mashavu yamebonyea, kila aliyepita dirishani alisimama kumtazama. Tulifanyia mazoezi tumekaa, viwiko juu ya meza. Bibi alikuwa na kilo moja na gramu mia nne.

Shule ya kwanza, dakika ya kumi na tano hivi, mchezeshaji wa Bibi alianza kutetemeka. Ukiwa nyuma ya pazia mkono uko juu ya kichwa chako muda wote, damu inashuka, na uzito wote unaning'inia kwenye kifundo cha mkono. Vidole vinavyotakiwa kufungua na kufunga mdomo vinageuka kuwa vya kuzuia kichwa kisianguke. Basi Bibi akaanza kulala. Kidevu kikaegemea pazia, sauti inaendelea kueleza habari za sabuni, mdomo umefungwa. Mtoto wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti kubwa, "Bibi amekufa?" Darasa zima likaitikia kwa kelele, na somo la kunawa mikono likaishia hapo.

Siku ya tatu Bibi aligonga mwanzi wa fremu. Jasi haipindi, karatasi iliyo chini yake inapinda. Ukivigonga pamoja, jasi inabanduka kama plasta ya ukuta mbovu. Taya lilikatika, vumbi jeupe likatumwagikia machoni. Mwenzetu aliyekuwa akimchezesha alikaa wiki mbili hawezi kuinua bega. Shule tano hatukuzifikia, tukarudisha 400,000 ya watu. Fedha ilirudi polepole. Yule mwenzetu hakurudi kwenye kikundi, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo fanya hivi leo usiku. Chukua pakiti ya sukari ya nusu kilo, simama, inyanyue juu ya kichwa chako kwa mkono mmoja, tikisa kifundo kama unayeongea. Weka saa dakika kumi. Ukimaliza utajua mwenyewe kwa nini kichwa changu siku hizi hakizidi gramu 300, kikiwa na macho, nywele, rangi na kila kitu. Mizani ya muuza duka inatosha kupimia.

Ulaini unaoutaka unapatikana bila jasi. Tabaka la mwisho la kichwa chako liwe karatasi ya chooni, vipande vidogo, kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Sukuma kwa kidole kilicholowa mpaka mishono ya gazeti ipotee, acha kikauke kivulini siku mbili, pitisha msasa laini, paka rangi ya maji. Na kama ndani umegandisha magazeti kwa uji wa ngano, hiyo gundi ya mbao itakusaidia pia, maana panya na mende wanaupenda uji kuliko sisi tunavyopenda kazi yetu. Kama udongo wa ndani, ule uliobandikia magazeti juu yake, bado hujautoa, kata kichwa sikio hadi sikio, utoe wote, hata ule ulioganda puani, kisha unganisha kwa vipande vya gazeti.

Gundi ya sponji: ile ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri mpaka kidole kisinate, ndipo uunganishe, na ulenge vizuri kwa sababu haitakupa nafasi ya pili. Fungua madirisha.

Tena usidhani wepesi ni ushamba. Jim Henson, mchezeshaji vikaragosi wa kule Marekani, mwaka 1955, Kermit wake wa kwanza, yule chura maarufu, alimshona kwa koti kuukuu la mama yake, macho ni mpira wa tenisi ya meza uliokatwa katikati. Wajapani wa bunraku, mchezo wao wa jadi wa vikaragosi, wanachonga vichwa vyao kwa mbao, lakini wanavichimba ndani viwe na uwazi, na bado kikaragosi kikuu kimoja kinabebwa na watu watatu. Wewe una mtu mmoja kwa kila kikaragosi, tena umesema ni vijana wa kwaya wa miaka 14. Mabega yao bado yanakua.

Nywele nazo uziangalie. Uzi wa sufu unaonekana mwepesi mkononi, lakini shungi zima la Bibi lilikuwa na gramu 180. Siku hizi nashona nyuzi kwenye kipande cha soksi, mbele tu, nyuma nafunika kwa kilemba cha khanga.

Pima vyote vitano kabla ya Jumamosi, uniandikie hapa kila kimoja kina gramu ngapi. Kilichozidi 300 tutakipunguza pamoja.